Kichuguu cha Mama Viola

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeona wingu! Dogo, lakini wingu ni wingu. Nilimwita Gachau aache ng'ombe aje alione, na alipofika likawa limeshahamia upande wa Thika. "Hiyo si yetu, Mama Mugo," akasema, akarudi kukamua. Gachau hunisaidia hapa shambani, na hajawahi kufurahia kitu kabla hajakishika kwa mkono.

Ndiyo maana nimeitoa hii shajara chini ya godoro. Mvua ya Oktoba ilitudanganya juma moja ikakata, na tangu hapo ni vumbi tu. Nataka siku mvua itakapofika Kalimoni iwe imeandikwa mahali. Shajara nilipewa na Viola wakati wa Krismasi, yule msichana wa mwanangu Mugo. Anauza dawa katika duka moja huko Ruiru, na kila ukurasa una tangazo la dawa ya kikohozi. Kwa vumbi letu, tangazo limefika mahali pake.

Jumamosi, 8 Machi

Mugo amekuja. Anatengeneza mageti ya umeme ya watu wa Membley, na ni mtu wa maneno mengi, kwa hivyo nikimwona amenyamaza najua kuna jambo.

"Mum, mamake Viola anataka kukuja kuona home. Next Saturday."

"Kuona nini? Vumbi?"

"Anataka tu kujua Viola anaenda wapi. Mum, please. Viola amesema mathe wake akikataa, basi. Hawezi enda against yeye."

Basi ndilo hilo. Nimemwombea huyu kijana mke mpaka magoti yakaota sugu, amempata, na sasa yote yako mikononi mwa mama mmoja kutoka Bungoma, mkazi wa mtaa wa Landless kule Thika, ambaye sijawahi kumwona. Nimefurahi na nimeogopa, na sijui kipi kilitangulia.

Jumatano, 12 Machi

Jua. Nimefagia ua mara mbili. Upepo umerudisha vumbi lote.

Jumamosi, 15 Machi

Wamekuja na wamekwenda, na bado sijakaa chini.

Anaitwa Nakhumicha. Ni mama mrefu, mnyamavu, na alikuja na viatu vyeupe. Nilivihurumia viatu hivyo. Mumewe Erastus hakuja, alikuwa zamu kiwandani Thika. Nilikuwa nimechinja kuku, nimepika chapati, na githeri pembeni, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, asije akasema tumeificha. Alikula vizuri, akashukuru kwa neno moja. Nikamwonyesha ng'ombe, akasema ni wazuri. Nikamwonyesha tangi la maji, akasema ni kubwa. Nikamwonyesha shamba, mabua yamesimama makavu tangu mwaka jana, akasema, "Jua imewapiga."

Halafu tukafika nyuma ya jikoni, kilipo kile kichuguu. Kimenishinda tangu niolewe hapa. Mchwa wake wamekula nguzo za ua, wamekula mlango wa choo, na Februari nilimwambia Gachau akipata nafasi akichimbe, amtoe malkia wao. Niliona haya mgeni akikiona, nikaanza kuomba radhi.

Hakunisikia. Alivua viatu! Alikizunguka kichuguu miguu mitupu, akakipapasa, akatia kidole kwenye tundu, akanusa udongo. Aliponigeukia alikuwa mtu mwingine kabisa, meno yote nje.

"Mama Mugo, hii ni ya nani?"

"Ya mchwa."

"Hapana, mwenyewe ni nani? Kwetu hii kitu huwa na mwenyewe. Baba yangu alikuwa nazo tatu. Alipokufa ndugu zangu wakagawana, mimi msichana sikupewa hata nusu. Tangu nikuje Landless nanunua chiswa kwa kikombe pale sokoni. Zimejaa mchanga."

Ikanijia kwamba anasema juu ya kumbikumbi, wale wadudu wa mabawa wanaotoka mvua ikianza. Watu wa kwao huwala. Sisi huwaachia kuku. Na mimi na mdomo wangu huu nikajibu vile mtu hujibu akiulizwa juu ya takataka: "Basi kichukue, kiwe chako!"

Nilidhani tutacheka wote. Lakini alinishika mikono yote miwili, na macho yakamlowa. Akararua pindo la leso yake, akalifunga kwenye kijiti, akakichomeka kileleni ili yeyote anayepita ajue kina mwenyewe. Dada zangu wakinipa kitu hunipa na masharti. Huyu nilimpa mchwa, na akanishukuru kana kwamba nimempa ng'ombe.

"Jibu ya hawa watoto nitaleta mvua ikinyesha," akasema akivaa viatu. "Nikikuja kuvuna hapa kwangu."

Hapa kwangu! Wakaondoka. Sasa ninaingojea mvua kwa sababu mbili.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani nimeiombea mvua kwa sauti mpaka mke wa mchungaji akageuka.

Jumanne, 25 Machi

Mawingu tangu asubuhi, ya kweli, meusi tumboni! Redio nayo inasema iko njiani. Nimetoa gambuti. Jioni upepo ukayapeleka yote sijui wapi, na nimekula ugali kwa hasira.

Jumanne, 1 Aprili

Ningeambiwa haya na mtu mwingine ningesema ananichezea Siku ya Wajinga.

Nilikwenda Thika kununua mbegu ya mahindi na ya njahi, yale maharagwe meusi. Ninarudi, nikiwa bado barabarani, nikasikia jembe. Si jembe la kulima, la kulima lina sauti nyingine. Hili lilikuwa likigonga kitu kigumu. Nilianza kukimbia na mfuko kichwani. Nafika nyuma ya jikoni, Gachau amevua shati, amesimama juu ya kichuguu, na nusu ya kichuguu imelala chini vipande vipande.

"Gachau! Unafanya nini?"

"Si ulisema nikipata nafasi?" Alikuwa anatabasamu. Siku zote hizo sijawahi kumwona akitabasamu, akaichagua hii.

"Na hiyo kitambaa hukuiona?"

"Niliona. Ndio nikajua umeniwekea alama ya mahali pa kuanzia. Kama ile ya surveyor."

Ngai! Nilitaka kumtukana nikakosa tusi. Kwa sababu ni kweli. Tangu mashamba ya huku yaanze kukatwa ploti, kila upande kuna kijiti chenye kitambaa, na kila kijiti chenye kitambaa hufuatwa na jembe. Ningekuwa Gachau ningechimba pia. Na aliyemtuma ni nani? Ni mimi. Na aliyesahau kumkataza? Ni mimi huyo huyo.

Niliketi juu ya mfuko wa mbegu. "Malkia umempata?"

"Bado. Huko chini imekauka, ni kama simiti. Imenivunjia mpini. Kesho nitamaliza."

"Kesho hutamaliza kitu!"

Basi kiangazi hiki nilichokilaani tangu Oktoba ndicho kilichomwokoa malkia, kama ameokoka. Nilimpigia Mugo. Nilimweleza yote. Halafu akasema, "Mum, usiambie Viola. Nakuja."

Jumatano, 2 Aprili

Tumekijenga upya. Maji ninunuayo kutoka kwa lori, yale ninayowapimia ng'ombe, nimewamwagia mchwa. Mugo alikanda matope, mimi nikakandika kwa mikono vile mama alivyonifundisha kukandika nyumba, na Gachau akatoboa matundu kwa fimbo. Jirani yangu Dianah alisimama kwenye ua akauliza kama tumeanza kujenga jiko la maandazi. Nikamwambia ndiyo.

Mwishoni nimerudisha kijiti na kitambaa kileleni. Ukisimama mbali na kufumba jicho moja, ni kichuguu.

Jumamosi, 5 Aprili

Jua. Nimekikagua asubuhi na jioni na sijaona hata mchwa mmoja. Leo nimejipata nikiomba mvua ingoje kidogo. Mimi! Nimejionea aibu, nikaomba tena inyeshe.

Jumanne, 8 Aprili

Joto la kukaba shingo. Ng'ombe hawataki kulala. Inakuja, najua inakuja.

Ijumaa, 11 Aprili

IMEKUJA!

Ilianza jioni nikiwa naanua nguo. Kwanza upepo, halafu ile harufu ya vumbi kulowa, nikasimama na shati la Gachau mkononi nikivuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Halafu tone moja likanipiga pua. Halafu mabati yote yakaanza kuongea kwa mara moja, hata sikuweza kujisikia nikipiga kelele, na nilikuwa nikipiga kelele. Niliweka nje sufuria, ndoo, karai, kikombe, kila chenye mdomo. Gachau alitoka zizini akakinga viganja vikajaa, akayatazama maji hayo, kisha akaanza kuruka kama mwana-mbuzi. Mzee mzima! Mfereji umejaa. Tangi linalia. Nimelowa hadi kwenye mifupa na siendi kubadilisha nguo.

Simu ikalia, ni Nakhumicha. Ilibidi kila mmoja apaaze sauti.

"Mama Mugo, huko imenyesha?"

"Imenyesha!"

"Jumapili baada ya kanisa niko hapo!"

Nilikuwa nimesahau. Kwa dakika nzima nzuri, nilikuwa nimesahau kabisa.

Jumapili, 13 Aprili

Nimechoka, mkono wa kulia hauinuki, na sitalala mpaka niandike yote.

Jana ilinyesha tena. Leo, Jumapili ya Matawi, kumekucha mawingu na joto kidogo. Nilirudi kutoka kanisani nikakuta Nakhumicha amefika pamoja na Viola na Mugo. Safari hii amevaa gambuti. Amebeba ubao, fimbo, ndoo mbili na blanketi kuukuu. Sikupata hata nafasi ya kutoa kitambaa changu cheupe cha kanisani kichwani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jikoni, sisi sote nyuma yake kama watu wanaopelekwa mahakamani.

Mvua ilikuwa imeosha nusu ya kazi yangu. Alama za vidole vyangu zilionekana wazi. Alisimama.

"Hii lipu nani alipiga?"

Mugo akaangalia mawingu. Viola akamwangalia Mugo. Mimi nikamwangalia Gachau, na Gachau akaangalia miguu yake. Jina lake lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Na ni kweli jembe lilikuwa lake, hakuna ambaye angesema nimedanganya. Lakini alivyoinamisha kichwa, kana kwamba ameshazoea, nikashindwa.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimtuma achimbe kabla hujawahi kukuja hapa. Ukaweka alama yako, nikasahau kumwambia. Nimekosa, Mama Viola. Nilikupa kitu halafu nikakivunja."

Alipiga magoti kwenye matope na kuweka sikio ardhini. Alikaa hivyo mpaka Viola akaanza kuuma kucha.

"Zitatoka?" nikauliza.

"Sijui. Mtu akivunjiwa nyumba anaweza kuhama." Akainuka akajipangusa. "Lete hiyo mbao. Kaa hapa, na mimi hapa. Chukua fimbo."

Akafunika tundu moja kwa blanketi, akaweka ndoo, akaanza kupiga ubao kwa fimbo mbili, polepole, kisha haraka. Kumbe kumbikumbi wakisikia hivyo hudhani ni mvua. Nami nikaanza.

"Hapana, unapiga kama unafukuza mbwa. Piga kama mvua!"

Tulipiga. Nilipopata mkono wa kazi ile akaanza kunihadithia, yeye ambaye Machi nilimhesabia maneno. Jina Nakhumicha hupewa msichana aliyezaliwa watu wakipanda. Mama yake aliacha kikapu cha mbegu mwisho wa shamba, akaingia nyumbani, akajifungua. Mtoto huyo wa kupanda akaja kukaa chumba kimoja Landless, mahali ambapo mvua ni matope ya kuruka tu. Kila Aprili alikuwa akiisikiza mvua kwenye mabati akikumbuka vichuguu vya baba yake. Nilisikiza na moyo ukaniuma, kwa sababu hapa nilipo nimekuwa nacho kimoja na nilikiita takataka.

Na blanketi limelala tu, hakuna kinachotikisika. Nikaona Mugo amekata tamaa. Manyunyu yakaanza.

Ndipo nikashangaa kuku wako wapi. Kuku wangu hawakosi penye watu. Nikageuka, na wote wako upande ule mwingine wa jikoni, kwenye shimo ninakomwaga maji ya vyombo, wanadonoa na kusukumana kama wamealikwa harusini. Juu yao hewa inameta.

"Mama Viola! Huku! Wanatokea huku!"

Kiangazi chote hapo ndipo palipokuwa pamelowa, kwa maji yangu ya vyombo, na mchwa walikuwa wamehamia huko kimyakimya huku mimi nikiwapigia lipu nyumba tupu! Walikuwa wakimiminika kutoka ardhini, weusi, wanene, mabawa yakimeta, kwa mamia. Nilimpiga teke jogoo wangu mwenyewe. Nikavua kitambaa cha kanisani nikakitupa juu ya tundu, nikakishikilia kwa mikono na magoti, na chini ya kitambaa nikawasikia wakinitekenya viganja. Nakhumicha akaja mbio na blanketi, huku anapiga vigelegele, huku anacheka, huku anatafuna, na machozi yanamtoka.

"Chiswa! Mayi wee, chiswa!"

Kila mtu alikuwa akikimbia na kila mtu alikuwa akiniamuru. Gachau alikuwa akipigana na kuku kwa kofia. Mugo peke yake amesimama na ndoo, ameduwaa.

"Mkwe!" Nakhumicha akafoka. "Unasimama tu hivyo? Shika ndoo vizuri!"

Sote tulisikia. Mkwe. Viola alijifunika uso kwa mikono miwili. Mugo alishika ndoo kichwa chini, kumbikumbi wote wakamwagika, na hakuna aliyejali. Mvua ikaanza sawasawa, nikacheka mpaka nikaketi kwenye matope.

Alinipa mmoja nionje, bado anachezacheza. Nikamwambia nimeshiba. Kitambaa changu kimepata doa la tope na nimekifua mara tatu bila mafanikio.

Jumanne, 22 Aprili

Mahindi yametoka! Njahi pia. Nimesahau vumbi lilikuwa na rangi gani.

Jumamosi, 17 Mei

Tumekwenda Landless na mbuzi wetu, kuposa rasmi. Matope hadi magotini. Erastus anaongea kushinda redio, na sasa naelewa kwa nini mkewe hunyamaza. Tumeelewana, na Julai watu wa Viola watakuja kwangu kuona boma.

Wakati wa kuondoka Nakhumicha amenipa mkebe wa kumbikumbi, wamekaangwa, wametiwa chumvi, wamekaushwa. "Niwekee. Nyumba yangu iko na unyevu, na wewe uko na jiko ya kuni. Wazee wangu watakula hizi hapo kwako Julai. Ni za kwangu, lazima ziliwe pale zilitoka."

Nimeuweka jikoni, juu ya dari ya kukaushia kuni, panapofika joto la moto siku zote.

Jumanne, 10 Juni

Mvua imekata na baridi imeingia kama mgeni asiyebisha hodi. Ukungu mpaka saa sita. Nimevaa sweta mbili, na Gachau anakamua akiwa na kofia ya kufunika masikio. Matangazo ya kikohozi yamepata kazi mpya.

Mchwa wamerudi kwenye kichuguu. Wameanza kujenga juu ya lipu yangu, wameifunika karibu yote. Nimesimama na chai nikiwaangalia, na sikuwaza jembe hata kidogo.

Jumanne, 24 Juni

Baridi ya kukata vidole. Nimekaa jikoni asubuhi yote. Moto ukiwaka, ule mkebe hutoa harufu. Nimeufungua kuhakikisha tu kwamba haujaingia unyevu. Mmoja alikuwa amevunjika. Nikamla ili asiharibu wengine.

Kwanza ni kama karanga. Halafu ni kama siagi.

Alhamisi, 26 Juni

Ukungu. Watatu walikuwa wamevunjika.

Alhamisi, 3 Julai

Baridi haipungui. Wanavunjika sana.

Jumamosi, 12 Julai

Wamekuja! Basi zima, na nyimbo tangu getini, na mablanketi ya kunikinga na baridi, na masufuria, na Erastus mbele akiongea. Nyumba ilijaa mpaka nikawaketisha wazee jikoni, karibu na moto, na walifurahi zaidi huko. Mugo na Viola walikaa kona moja, mavazi yamelingana, hawajui waangalie wapi.

Baada ya kula, Nakhumicha akasimama. Akawaeleza wazee wake habari za kichuguu chake, chake mwenyewe, huku Kiambu, mahali ambapo kumbikumbi hupewa kuku. Wazee wakapiga makofi. Akanyoosha mkono darini akauchukua mkebe.

Nilimwona akiuona wepesi wake. Akautikisa. Kukasikika kitu kidogo sana kikigonga chini.

Akafungua, akachungulia.

"Nani alikula?"

Vichwa vyote vya watu wangu vikamgeukia Gachau, aliyekuwa mlangoni na kuni mkononi. Naye, maskini, akaanza kuinamisha kichwa.

"Ni mimi," nikasema.

Nakhumicha akanitazama vile alivyonitazama siku ile ya lipu. Kisha akapiga kigelegele mpaka majivu yakapeperuka, akanipa mkebe.

"Maliza," akasema. "Wazee wangu watangoja mvua ya Oktoba."

Walikuwa wamebaki wanne. Niliwala wote mbele ya athoni wangu, wakwe hawa wapya, na wazee wakanihesabia kwa sauti.

Baadaye akanishika mkono tukatoka kwenye baridi, akanipeleka nyuma ya jikoni. "Weka na yako," akasema. Nikavua kitambaa cha kanisani, kile chenye doa, nikararua pindo lake, nikalifunga kwenye kijiti chini ya lile la leso yake. Halafu nikamwita Gachau aje avione vitambaa vyote viwili kwa macho yake mwenyewe.